Nimechomoa Hita ya Mzee Loth, Kiyoyozi cha Bosi Nakipita Kimya

(Majina ya wahusika tumeyabadilisha. Baridi ni ile ile ya Sumbawanga.)

Mpendwa Bi. Kulsumu,

Shikamoo mama. Naomba unisaidie kabla sijabaki peke yangu ofisini na nyumbani pia, maana nilikofikia sina wa kumweleza, na yule ambaye kwa kawaida ningemweleza ndiye niliyemkosea, kama utakavyoona mbele.

Mimi ni mtumishi wa umma hapa mjini, kwenye jengo moja la serikali ambalo sitalitaja, na kazi yangu ni kuangalia vifaa na majengo, yaani balbu ikiungua naitwa mimi, kitasa kikikwama naitwa mimi, na katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kunisikiliza kikaoni mpaka mwaka jana ulipokuja waraka kutoka juu ukitaka kila ofisi ipunguze matumizi ya umeme na maji na iwe na mratibu wa jambo hilo, ndipo mkuu wetu, Bwana Abdulnasir, akaangaza macho kwenye kikao akanikuta mimi nimekaa mbele kwa sababu viti vya nyuma vilikuwa vimejaa, akasema, "Gaudensi, wewe." Ndivyo nilivyopata cheo.

Mama, usidhani nilikipokea kwa majivuno tu. Mimi ni mtoto wa kijijini Kaoze, nimekua nikimwona mama yangu akitoka na ndoo alfajiri akirudi jua limeshapanda, kwa hiyo nikiona koki ya ofisi inadondosha maji na mtu anapita pembeni yake na simu sikioni, roho inaniuma kweli. Na mwanzoni nilifanya vizuri, hata hawa ambao sasa hawanisalimii wanakiri. Nilitoa balbu za zamani zote nikaweka zile zinazokula umeme kidogo, nikamleta fundi bomba akaziba koki za uani, taa za korido zilizokuwa zinawaka mchana kutwa na jua liko nje nikawa nazizima mwenyewe, na umeme wa luku ambao tulizoea uishe kabla ya mwezi ukaanza kubaki. Bwana Abdulnasir akanisifu mbele ya watu. Sijawahi kusifiwa kikaoni, mama, siku ile nilitembea kwa miguu hadi nyumbani Kizwite kwa furaha na nikamsimulia mke wangu Rozina habari hiyo mara mbili, ya pili alikuwa ameshalala.

Kisha ikaingia Juni. Wewe ni mwenyeji, huhitaji kuelezwa upepo wa huku kwetu ukianza. Kila meza ikaota hita chini yake, wengine walikuja nazo kutoka nyumbani ndani ya mifuko ya plastiki, majagi ya umeme yakawa yanachemka tangu asubuhi, na ile luku yangu ikaanza kukimbia, nami nikaona sifa yangu inayeyuka mbele ya macho. Basi nikachukua boksi kubwa la karatasi za kuchapia, nikapita chumba kwa chumba nikichomoa hita na kuziweka humo, na jioni nikazifungia stoo. Jagi nililolichukua la kwanza lilikuwa la Jenifa, katibu muhtasi wa mkuu, ambaye kila saa nne alikuwa anachemsha maji na korido nzima inakusanyika mezani pake kwa chai ya tangawizi na karanga na kucheka. Jenifa akaniuliza, "Kaka Gaudensi, sasa chai tunywe ya mawazo?" Nikamsomea waraka. Tangu siku hiyo saa nne ofisini kwetu ni kimya kama kwenye mtihani.

Maji nayo sikuyaacha. Vyoo vitatu vya watumishi nilivifunga viwili, na hicho kimoja nikawa nakifungia maji ikifika mchana, matokeo yake watu wakawa wanavuka barabara kwenda kwenye mgahawa wa Halfani, mpaka Halfani mwenyewe akaja kunisubiri getini, akanishika mkono kwa upole, akaniambia, "Gaudensi ndugu yangu, mimi nilifungua mgahawa, sikufungua choo cha serikali. Wanaingia kundi zima, anayeagiza chapati ni mmoja." Nikacheka, lakini sikufungua vyoo.

Sasa nifike penye aibu yangu. Masjala kwetu yupo Mzee Loth, anayekaribia kustaafu, mtu mpole, kifua chake si kizuri siku zote. Yeye na mkewe Mama Agnesi ndio waliotusimamia ndoa yetu, na miaka yote mimi na Rozina tukikwaruzana tunakwenda kwao Chanji, tunakalishwa, tunapewa uji wa ulezi, tunasuluhishwa, tunarudi tumeshikana mikono. Masjala iko upande wa kivulini, dirisha lake vioo vya luva havijatimia na yeye ameziba nafasi kwa kipande cha boksi, na chini ya meza alikuwa na kihita kidogo. Mimi chumba chake nilikuwa nakiruka makusudi. Siku moja Marselino wa uhasibu akasema kwa sauti pale korido, "Kwa Mzee Loth hupiti, mratibu? Au sheria ni ya sisi yatima?" Watu wakacheka, na mimi kile kicheko kilinichoma, nikageuka na boksi langu nikaingia masjala, nusu ya korido ikiwa nyuma yangu inatazama, nikainama, nikachomoa. Mzee alinitazama tu. Akavuta koti lake karibu, akaendelea kupanga mafaili.

Ungedhani basi nimekuwa mtu wa haki asiyempendelea yeyote. Hapana mama. Mkuu wetu ni mtu wa Tanga, baridi ya huku kwake haina msimu, na ofisini ana kiyoyozi ambacho kinaweza pia kupuliza joto, basi kinapuliza joto tangu anapoingia mpaka anapotoka, na akienda kikazi Namanyere kinabaki kinapuliza kwa ajili ya viti. Tena dirisha huwa wazi, kwa sababu anasema hewa ile inamkausha koo, kwa hiyo joto lote linatoka nje, na njiwa wamelijua dirisha lile, wanajipanga pale kuota moto. Ndani kuna choo chake binafsi, na tangi la choo hicho linavuja mchana kutwa, Jenifa anayekaa mlangoni anasema akisinzia anaota yuko mtoni. Yote hayo nayajua, ni kazi yangu kuyajua, lakini nikifika mlango ule na boksi langu naangalia ukutani na kuongeza mwendo.

Wiki mbili zilizopita kwenye kikao mkuu alitoka kidogo kupokea simu, na Jenifa akanyoosha mkono, akauliza, "Na ile ya kwa mkuu?" Nikajibu, "Ile ni ya kiofisi." Hakuna aliyecheka, mama, na afadhali wangecheka.

Wiki ile ile Mzee Loth akashikwa na kifua, akalazwa, sasa ametoka yuko nyumbani anapumzika. Mama Agnesi alikutana na Rozina kwenye jumuiya, hakumlaumu kwa neno lolote, alimwambia tu, "Msalimie mratibu." Rozina aliporudi hakula. Alinitandikia kitanda cha wageni akasema, "Na hapa nyumbani kuna upungufu wa nishati, mzee, tubane matumizi." Nikamwambia anionee huruma, akanijibu kwamba yeye sasa anachambua maharage kwa kupapasa kwa sababu kila akiwasha taa nakuja kuizima.

Na sasa kuna jipya. Wageni wanakuja kutoka mikoa mingine kujifunza jinsi ofisi yetu ilivyopunguza umeme na maji, na mkuu ameniagiza niwatembeze chumba kwa chumba na kuwahutubia. Wenzangu wameshajua, wanangoja tu nifike kwenye ule mlango. Mama, nimwambie mkuu ukweli na pengine nikajikuta nimehamishiwa Kasesya mpakani kuhesabu malori? Nikae kimya, niwapitishe wageni haraka haraka? Nijiuzulu uratibu? Na kwa Mzee Loth naenda na uso gani? Ningekuwa na tatizo kama hili ningemuuliza yeye, ndiyo maana nimekuandikia wewe. Ila neno moja nitabisha nalo: umeme ulipungua kweli, maji yalipungua kweli, na waraka ulisema tupunguze. Kama nimekosea, nionyeshe ni wapi, maana mimi nimezunguka nimeshindwa kupaona.

Mtoto wako,
Gaudensi, Sumbawanga

—

Bi. Kulsumu anajibu:

Marahaba mwanangu. Pole sana. Nipe nafasi nicheke kwanza habari ya njiwa wanaoota moto kwa fedha ya umma, kisha tuzungumze kama watu wazima.

Haya, nimemaliza.

Umeomba uonyeshwe kosa lako. Si kupunguza umeme. Ofisi za serikali zinawasha taa kama za harusi na kumwaga maji kama hayalipiwi na mtu, na wewe uliyeziba koki na kubadilisha balbu ulifanya kazi ambayo wenye vyeo vikubwa kuliko chako walikuwa wanaipita kila siku. Kwa hilo nakusifu, na ukitaka kumsimulia Rozina sifa hii mara mbili, ruksa, ila umngoje awe macho.

Kosa lako lilianza Juni. Kabla ya Juni ulikuwa unatengeneza jengo. Baada ya Juni ukaanza kutengeneza watu. Koki inayovuja ukiiziba, imekoma. Mtu anayetetemeka ukimnyang'anya hita, anaendelea kutetemeka, ila sasa anatetemeka na kinyongo. Gaudensi, wewe ndiye mtu wa majengo, hebu niambie, kwa nini watu wazima wenye akili zao walibeba hita kutoka nyumbani kwenye mifuko ya plastiki? Waliona raha kuzibeba? Umeniandikia mwenyewe, tena kwa kupitia tu, kwamba dirisha la masjala halijatimia vioo na mzee wa watu ameziba kwa boksi. Uliingia pale ukaiona hita. Kipande cha boksi hukukiona? Kazi yako ni kuangalia vitasa na madirisha! Upepo unaingia kwa Mzee Loth bure kabisa, halafu wewe unamshtaki kwa kuupasha moto.

Mimi nimezaliwa mjini hapa, baba yangu alikuwa na duka la mablanketi, na nakuambia Sumbawanga hakuna mtu aliyewahi kushinda baridi kwa kusomewa waraka.

Kuhusu vyoo nitasema kidogo kwa sababu wengine wanasoma wakiwa mezani. Kufunga choo si kuokoa maji. Ni kuyahamishia kwa Halfani. Fungua vyoo, Halfani wa watu apumue.

Sasa twende kwa mkuu wako. Hapo, mwanangu, ndipo nilipokasirika kidogo, na si kwake. Yeye ni mgeni kutoka pwani anayesikia baridi, na kila mtu anamwambia "ndiyo mkuu." Umewahi kumwambia? Jenifa amewahi? Mnakaa korido mnacheka habari za njiwa, lakini mwenye dirisha mmemfanya kuwa mtu asiyeambiwa kitu. Wewe umemwogopa mwenye mamlaka ukamgeukia mpole. Mzee Loth ulimchomolea kwa sababu ulijua hatapiga kelele. Ukweli ndio huo, kaa nao.

Nisikilize vizuri sasa, na usinibishie.

Jumapili hii baada ya misa nendeni Chanji, wewe na Rozina. Usiende na hita mkononi kama mtu anayerudisha kuku wa wizi. Hiyo kaiweke ofisini chini ya meza yake, imngoje. Na usiende na maelezo. Neno "waraka" lisitoke kinywani mwako, wala "luku," wala "matumizi." Kaa chini, omba msamaha, nyamaza. Akitaka kusema, akute mtu anayemsikiliza. Asipotaka, kunywa uji wako urudi nyumbani.

Jumatatu uende kwa Bwana Abdulnasir, peke yako, asubuhi, kabla hajazungukwa na mafaili. Usiende na Marselino nyuma yako, umeshaona watazamaji wanavyokuharibu. Na usimwambie "watumishi wanalalamika," huo ni woga uliovaa tai. Sema wewe mwenyewe: mkuu, kiyoyozi chako na choo chako vinakula kuliko korido nzima, nilijua siku zote, niliogopa kukuambia, naomba nianze kutengeneza hapa kwako kabla ya wageni. Akikasirika, atakasirika. Kasesya nako kuna watu wanaishi, tena wanakula vizuri.

Kisha rudi kwenye kazi yako halisi. Weka vioo. Ziba chini ya milango. Tazama jua linapiga upande gani wa jengo lenu miezi hii ya baridi, maana nina hakika upande huo mmejaza viti vibovu na kompyuta zilizokufa, huku wazee mmewaweka kivulini. Toeni viti, ingizeni watu. Mrudishie Jenifa jagi lake, moja linatosha, mnunue na chupa za chai kubwa, maji yachemke mara moja yanywewe na wote. Nitakuambia kitu ambacho waraka hauwezi kukuandikia: ile saa nne yenu ilikuwa inawapasha joto kuliko hita zote ulizofungia stoo. Hita nyingine usizitawanye tena. Mwenye ugonjwa aachiwe yake, wengine wavae sweta. Na mvua zikianza, kinga maji ya paa. Jengo kubwa namna hiyo, maji yote ya masika yanakimbilia barabarani, halafu mnavuta ya bomba kwa ajili ya kusukuma choo!

Kujiuzulu usithubutu. Mwingine atapewa boksi lako aanze upya na makosa yako.

Wageni waonyeshe jengo kama lilivyo, na palipobaki pabovu waambie pabovu. Wametoka mbali, watajifunza zaidi kwa ulichokosea.

Na Rozina akikaa kuchambua maharage, taa iwake. Huo ni waraka wangu.

Kulsumu

—

(Barua hii ya pili imetufikia baada ya ile kujibiwa. Gaudensi ameruhusu ichapwe.)

Bi. Kulsumu,

Shikamoo tena mama. Nimefanya kama ulivyosema, sikubisha.

Kwa mkuu niliingia Jumatatu asubuhi, peke yangu, bila boksi. Nikayasema yote kwa pumzi moja jinsi ulivyoniandikia. Bwana Abdulnasir akaweka kalamu chini, akaangalia dirishani, njiwa wakamwangalia. Akauliza, "Hili linajulikana na nani?" Nikamwambia, "Na jengo zima, mkuu." Akauliza, "Na hakuna hata mmoja aliyeniambia?" Nikasema tulikuwa tunamwogopa. "Na wewe?" "Mimi zaidi." Kisha akanishangaza, akasema, "Gaudensi, mimi nilidhani ninyi mnafunga milango yenu nikipita kwa sababu hamnipendi. Kumbe mnasikia baridi." Nikamwambia yote mawili yalikuwepo, ila la baridi lilikuwa kubwa. Akacheka mpaka akatoa kitambaa.

Kiyoyozi kimezimwa. Fundi alibadilisha boya kwenye tangi la choo chake asubuhi ile ile, na Jenifa anasema sasa ukimya unamnyima usingizi. Kesho yake mkuu alikuja amevaa sweta mbili, koti na kofia ya sufu iliyofika kwenye nyusi, mlinzi wa getini hakumtambua, akamwambia wenye malori wanaegesha upande wa pili. Wageni nao walikuja, nikawaonyesha vioo vipya na visivyokuwepo bado, nikawaambia habari ya boksi langu. Mama mmoja kati yao aliniuliza kwa sauti ya chini tulimwambiaje mkuu wetu habari ya kiyoyozi, kwa sababu na wao wanaye wa kwao.

La Mzee Loth nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo gumu kuliandika. Tulikwenda Jumapili, mimi na Rozina. Mama Agnesi alitukaribisha, akatuletea uji, akaketi upande wa Rozina. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la mkaa, blanketi mabegani. Nikamwomba msamaha, nikanyamaza kama ulivyosema, na kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kusema.

Baada ya muda akasema, "Hita sikuijali sana, mwanangu. Ile hita yenyewe ilikuwa inapasha goti moja." Akakohoa kidogo, kisha akaendelea. "Kilichoniuma ni kingine. Miaka yote tangu nikushike mkono kanisani, hujawahi kuingia mahali nilipo bila kuniamkia. Siku ile uliingia, ukainama, ukachomoa, ukatoka. Hukuniamkia, Gaudensi. Nikajiuliza huyu ni nani."

Mama, sikuwa hata nimelikumbuka. Nilizunguka nikitafuta kosa langu kwenye waraka na kwenye luku, na wewe ukanionyesha la dirisha, lakini hilo lilikuwa limebaki pale kwa mzee peke yake.

Nikaweka bakuli chini, nikasimama mbele yake kama mtoto, Rozina ananitazama.

Nikasema, "Shikamoo baba."

Hakuitikia haraka. Alivuta blanketi, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, mpaka Mama Agnesi akamgusa goti.

"Marahaba," akasema. "Kaa, uji unapoa."